Magugu yenye mizizi mirefu: somo kwa familia zinazorudi mashambani

Mnamo Januari na Februari 2025, wakati M23 ilipoteka Goma, kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya zilihamwa. Mamia ya maelfu ya watu walifunga mizigo yao na kushika njia. Wengine walirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wengine walibaki mjini kwa ndugu au katika nyumba za kukodi. Waliorudi vijijini walikuwa na tumaini moja: shamba. Lakini wengi walipofika hawakuliona shamba. Waliona nyasi.

Shamba lililokaa miaka miwili bila jembe halikungoji. Mahali pa maharage na mihogo panajaa magugu ambayo mizizi yake imekwenda chini na kufungamana kama mkeka. Makala hii inaeleza namna ya kupambana na magugu ya aina hii bila pesa nyingi. Pia inazungumzia mpaka wa shamba, kwa sababu magugu haya hayajui mpaka, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

KWANZA, YATAMBUE

Si magugu yote yanaondolewa kwa njia moja. Magugu ya mwaka mmoja, kama kishona nguo, yanaota kwa mbegu. Ukiyapalilia kabla hayajatoa maua, umeshinda. Shida yetu kubwa ni magugu yanayojificha chini. Haya matatu yanasumbua sana katika eneo letu:

• Sangari. Wanaosema Kinyarwanda wanaiita urwiri. Ni nyasi nyembamba, lakini chini ya udongo ina kamba nyeupe ndefu zenye vifundo vingi. Sehemu kubwa ya kamba hizo hukaa katika sentimita 30 za juu, ila katika udongo mzuri wenye kina zinaweza kufika mita moja. Kila kifundo kinaweza kuzaa mmea mpya.

• Ndago. Inafanana na nyasi, lakini ukishika shina lake utasikia pembe tatu. Chini ina vijiazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukiing'oa kwa mkono, majani yanatoka na vijiazi vinabaki. Mwaka 1977 wataalamu waliotoa kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani waliiweka ndago namba moja. Kwa hiyo usione haya kama imekushinda. Imeshinda wengi.

• Mmea wa majani matatu yenye umbo kama moyo na maua ya zambarau. Watoto hupenda kutafuna majani yake kwa sababu ya uchachu. Chini una vitunguu vidogo vingi sana, vinavyotawanyika ukipiga jembe.

Chimba mahali patatu katika shamba lako, kina cha mkono mmoja, uangalie kuna nini chini. Usianze kazi kabla ya kufanya hivi. Juu yote huonekana majani tu.

KOSA LETU LA MWANZO

Nataka kusema wazi kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Mwezi wa tatu 2025 nilifika katika kijiji kimoja cha Masisi ambako familia zilikuwa zimerudi wiki chache tu kabla. Mvua ilikuwa imeanza. Kila mtu alikuwa na haraka ya kupanda, na mimi pia. Tuliitisha salongo. Watu zaidi ya thelathini walilima kwa nguvu siku mbili, wakakatakata sangari kwa majembe ya kawaida na kuifukia. Shamba lilionekana safi na tulifurahi.

Baada ya wiki tatu, sangari ilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Kila kamba tuliyoikata vipande kumi ilikuwa imezaa mimea kumi, na mvua iliinywesha. Mama mmoja mzee aliniangalia akasema: "Mtoto wangu, wewe umeipanda, haukuilima." Alisema kweli. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu, lakini sikumwuliza yeye kwanza. Yeye alijua tangu utoto wake kwamba sangari inachimbwa wakati wa jua.

Tangu siku hiyo, kabla ya kazi yoyote, tunauliza wazee na akina mama wa mahali: gugu hili mlilitoaje zamani?

KWA NINI LINARUDI?

Kamba na vijiazi vya chini ni ghala ya chakula. Majani yakikatwa, gugu linachukua chakula ghalani na kutoa majani mapya. Majani hayo yakikua, yanatengeneza chakula na kujaza ghala tena. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote: tukikata majani mapya kabla hayajaanza kurudisha chakula chini, ghala inapungua. Tukirudia mara nyingi, ghala inakwisha. Tukikata mara moja na kuondoka miezi mitatu, gugu linapata nafasi ya kujaza ghala tena, na kazi yetu imepotea.

Kwa hiyo mtu anayerudi mara kwa mara na nguvu kidogo anashinda kuliko yule anayekuja mara moja na nguvu nyingi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Gawa shamba. Usijaribu kusafisha shamba lote kwa msimu mmoja. Chagua kipande ambacho familia yako inaweza kukirudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Kipande cha hatua ishirini kwa ishirini kilichosafishwa kweli kinalisha watu kuliko shamba kubwa lililorudi nyasi.

2. Chimba wakati wa jua. Wakati mzuri kwetu ni kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane. Jua fupi la mwezi wa kwanza, kabla ya kupanda msimu B, linaweza pia kusaidia.

3. Tumia jembe la meno. Jembe la kawaida linakata kamba. Jembe la meno linainua udongo na kuzitoa kamba nzima nzima. Kama kijiji kina majembe ya meno machache, yatumiwe kwa zamu.

4. Tikisa udongo, kusanya kamba, zianike. Ziweke juu ya mawe (mawe ya volkano kwetu hayakosekani!) au juu ya vijiti, zisiguse udongo. Ziache mpaka zivunjike kama kuni kavu. Vijiazi vya ndago navyo hufa vikikaa juani siku nyingi bila unyevu.

5. Usitie kamba mbichi katika shimo la mbolea. Zitaota humo, na utazipeleka tena shambani pamoja na mbolea. Zikikauka kabisa unaweza kuzitandaza au kuzichoma. Majani mabichi wape mbuzi, sungura au kobayi.

6. Rudia. Baada ya wiki mbili au tatu machipukizi yatatoka. Usikate tamaa, hii ni kawaida. Yachimbe yakiwa madogo. Ndago hasa isipewe muda, kwa sababu ikiachwa wiki chache huanza kutengeneza vijiazi vipya.

7. Funika. Mvua ikianza, panda zao linalofunika udongo haraka: viazi vitamu vilivyopandwa karibu karibu, maboga, maharage ya kupanda juu, fiwi au mukuna. Sangari na ndago hazipendi kivuli. Mahali ambapo viazi vitamu vimeshikana vizuri, gugu linapauka na kudhoofu. Kumbuka tu kwamba mbegu za mukuna si chakula cha kupika kama maharage. Ni mmea wa kufunika na kurutubisha udongo.

8. Weka ulinzi pembeni. Chimba mfereji mwembamba kuzunguka kipande ulichosafisha, kina cha sentimita 30 au zaidi. Kamba zikifika hapo utaziona na kuzikata. Usafishe mfereji kila unapopita.

MAMBO YA KUEPUKA

Moto. Wengi wanaorudi huchoma shamba kwa sababu ni haraka. Moto unaua majani na mbegu za juu, lakini kamba zilizo chini zinabaki hai. Mvua ya kwanza ikinyesha, sangari inaota peke yake, bila mmea mwingine wa kushindana nayo. Tena moto unavuka hadi shamba la jirani, na hapo ugomvi mpya unazaliwa.

Chumvi. Mtu akimwaga chumvi anaua udongo pamoja na gugu. Mazao yako pia hayataota.

Dawa za kuua magugu. Katika masoko yetu dawa hizi wakati mwingine huuzwa katika chupa za maji zisizo na maandishi. Usinunue kitu usichokijua jina. Dawa ya glifosati huingia kupitia majani mabichi na kushuka mpaka kwenye mizizi, lakini inaua pia maharage na mboga ikiyagusa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la WHO liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa kwa binadamu. Mashirika mengine yanayosimamia dawa hayakubaliani nalo. Sisi tunasema hivi: mahali ambapo hakuna glavu, hakuna maji safi ya kunawa, na chupa ya dawa inalala chumba kimoja na watoto, afadhali jembe la meno.

KABLA YA JEMBE, USALAMA

Mashamba mengi yalikuwa mahali pa vita. Katika nyasi ndefu kunaweza kuwa na bomu au grenedi ambayo haikulipuka. Kabla ya kulima, waulize waliobaki kijijini: wanajeshi walikaa wapi? Risasi kubwa zilianguka wapi? Ukiona chuma usichokijua: simama, usikiguse, usikirushie jiwe, rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, waonye watoto, kisha mwambie mkubwa wa kijiji awajulishe wanaohusika na kuondoa mabomu. Usitume mtoto kwanza shambani "aangalie." Na hapa tena, usichome: moto unaweza kulipua kilichojificha.

GUGU LINALOVUKA MPAKA

Yule mama mzee niliyemtaja alikuwa amekimbia mwaka 2023. Alikaa Bulengo chini ya hema. Aliporudi alikuta nusu ya shamba lake imekuwa sangari. Nusu ya pili ilikuwa imelimwa vizuri, na maharage yalikuwa yanaanza kuota. Kijana mmoja ndiye aliyekuwa amepanda. Naye alikuwa amekimbia kutoka Rutshuru na mke na watoto wawili, akaonyeshwa mahali hapo na mtu aliyemwambia kwamba halina mwenyewe.

Mama alisema: "Hili ni shamba la marehemu mume wangu. Miyenzi ile ya mpaka tuliipanda pamoja." Kijana alisema: "Mama, mimi sikuiba. Nilikuta pori. Nikiondoka leo, watoto wangu watakula nini?" Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Shemeji za mama walitaka maharage yang'olewe siku hiyo hiyo. Vijana wengine waliokuwa wamefika pamoja na yule kijana walianza kukusanyika. Sote tulijua jinsi mambo kama haya yanavyomalizika kwetu.

Wazee wa pande mbili waliitana. Walikaa mara nne. Hawakuanza na swali la nani ana haki. Walianza na shamba lenyewe: walitembea juu yake pamoja, wakaangalia miyenzi, wakawasikia majirani wa kila upande. Ndipo mama akasema jambo ambalo lilifungua njia. Alisema: "Hata nikichimba sangari ya upande wangu, kamba zitatoka upande wake. Na yeye akichimba, zitatoka kwangu." Kijana akakubali, kwa sababu alikuwa ameshaona zikiingia katika maharage yake.

Mapatano yao yalikuwa haya. Kijana alikubali mbele ya watu wote kwamba shamba ni la mama. Mama alikubali kijana avune maharage yake. Katika kiangazi, kijana na mke wake wangechimba sangari ya shamba lote pamoja na familia ya mama. Kwa malipo ya kazi hiyo, kijana angelima kipande kimoja kwa misimu miwili bila kulipa, kisha angekirudisha. Yote yaliandikwa kwenye karatasi, nakala tatu, na mashahidi wakatia sahihi au kidole. Kati ya mashahidi walikuwapo wanawake watatu, kwa sababu wao ndio wanaojua zaidi nani alilima wapi.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Shemeji mmoja wa mama alikataa karatasi hiyo na kwa muda mrefu hakusalimiana na kijana. Upande wa kaskazini kuna shamba la mtu ambaye hajarudi, na sangari yake inaendelea kuingia kila mwezi. Hawakuthubutu kulima huko, kwa sababu si kwao. Walichimba mfereji tu. Lakini msimu uliofuata mama alivuna viazi vitamu mahali palipokuwa nyasi, na damu haikumwagika.

KWA VIONGOZI: KUTAFUTA MZIZI

Ugomvi wa ardhi katika Kivu una mizizi mirefu, na umekatwa juu mara nyingi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Lakini vijijini watu wengi waliendelea kupata mashamba kwa mila, kupitia mwami na wakubwa wa vijiji, bila karatasi ya Serikali. Mtu mmoja ana cheti, mwingine ana kaburi la babu yake, na shamba ni moja. Vita vya mwaka 1993 katika Masisi na Walikale, na vita vilivyofuata, viliongeza tabaka juu ya tabaka: waliokimbia, waliouza kwa hofu, walionunua, waliokalia.

Mwaka 1998 wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walianzisha Baraza lao la pamoja. Lilisaidia kutuliza ugomvi mwingi, hata wa mashamba. Baadaye siasa ikaligawa. Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, wazee wetu wanaweza. La pili, upatanishi unahitaji kupaliliwa kila wakati, la sivyo unaota magugu nao.

Umoja wa Afrika nao, katika Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 kuhusu wakimbizi wa ndani, unataka nchi ziweke njia nyepesi za kutatua ugomvi juu ya mali za waliokimbia. Viongozi wa vijiji wanaweza kuanza na mambo madogo:

• Msigawe shamba la aliyekimbia kana kwamba amekufa. Mkimpa mtu alime kwa muda, mseme hivyo mbele ya mashahidi na kuandika.

• Mwangalie mjane na yatima kwanza. Mara nyingi wao ndio wanaonyang'anywa na ndugu zao wenyewe.

• Msing'oe alama za mpaka wakati wa kusafisha magugu. Mwite jirani awepo siku ya kulima pembeni.

• Mrudi kuangalia mapatano baada ya mwezi mmoja, tena baada ya msimu. Karatasi isiyofuatiliwa ni kama sangari iliyokatwa majani tu.

KWA WALIOBAKI MJINI

Goma imejengwa juu ya mawe. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na udongo wa kulima ni kidogo. Familia nyingi hulima lenga-lenga na vitunguu katika magunia. Ukileta udongo kutoka mahali pengine, uchekeche kwanza. Toa kila kamba nyeupe na kila kijiazi cheusi. Kijiazi kimoja cha ndago kinatosha kuharibu gunia lote. Gunia likishaingiwa, limwage, anika udongo wake juani kwa tabaka jembamba, uchekeche tena.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni maswali haya katika kikundi, polepole, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata vijana.

1. Ni gugu gani linatusumbua zaidi? Wazee wetu walilitoaje?

2. Ni kipande gani kila familia inaweza kukirudia kila wiki mbili bila kuchoka?

3. Katika kijiji chetu kuna mashamba ya watu ambao hawajarudi? Nani anayalima sasa, na makubaliano ni yapi?

4. Kuna ugomvi gani ambao tuliukata juu tu ukarudi? Ghala yake iko wapi: ni njaa, ni hofu, au ni neno lililosemwa zamani ambalo hakuna aliyeomba msamaha?

5. Ni jirani gani tunayepaswa kuzungumza naye kabla ya kiangazi kijacho, ili tuchimbe mpaka pamoja?

Kiangazi kikifika, msisubiri shirika lije. Mama yule hakutusubiri. Niliporudi kumtembelea nilimkuta na kijana na mke wake, kila mmoja na jembe lake, wakifuata kamba moja ya sangari chini ya miyenzi. Hawakuikata. Waliivuta polepole, mama upande huu na kijana upande ule, mpaka ikatoka yote.